Yamaha 15 inakata moto nikiongeza resi, kabu imeshaoshwa bado tatizo lipo

Mwana_Kibirizi

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa wenye uzoefu na mashine za boti. Ninayo Yamaha 15, ile ya kuchanganya oili na petroli, ipo kwenye mtumbwi wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuvua ile miezi mitatu tuliitoa tukaiweka stoo, ikakaa na mafuta yake humohumo. Ziwa limefunguliwa tukaifunga, ukivuta kamba inawaka bila shida, sailensi (resi ya chini kabisa) inakaa ila inatetemeka, ukiingiza gia inaondoka vizuri tu. Tatizo linaanza ukiongeza moto (resi) ukapita nusu, inakoroma, inapoteza nguvu, afu inazima kabisa. Ukiwahi kurudisha moto kabla haijazima inatulia inaendelea taratibu.

Nahodha wangu akagundua kwamba akivuta choki nusu inakimbia, kwahiyo siku hizi ndo wanavyoenda nayo. Kuna fundi alishaifungua kabu (kabureta, inayochanganya petroli na hewa), akaiosha na petroli, jeti (zile skrubu zenye tundu la kupitishia petroli) akazichokonoa na waya, ikawa nzuri siku chache ikarudia palepale. Sasa ananiambia kabu imekufa ninunue mpya. Giza (usiku usio na mwezi, ndo tunavua dagaa) linaingia wiki ijayo, wavuvi wananisubiri mimi, na sitaki kununua kitu afu nikute tatizo halikuwa hapo. Hili ni la kabu kweli au kuna sehemu nyingine niangalie?

Katonga_Star

Mkuu mi nakushauri nunua kabu tu, zile za Mchina zipo madukani na bei yake sio mbaya, unafunga bolti mbili unaingia ziwani. Kuosha osha utapoteza giza lote.

FundiMashine_Ujiji

Mwana_Kibirizi, kabla ya yote waambie vijana waache kuendesha na choki kuanzia leo. Najua inakimbia, lakini choki kazi yake ni kuziba hewa ili petroli izidi, sasa mashine ikipata nguvu kwa choki maana yake bila choki petroli inayofika ni ndogo. Na hii ni tustroki, oili inasafiri ndani ya petroli hiyohiyo, petroli ikipungua oili nayo imepungua, pistoni inapata joto huku imekauka. Ukiendelea hivyo utaanza na kuosha kabu utamalizia na injini iliyonoki (pistoni imekwama), na ikinoki usiku mkiwa mbali na upepo umeanza hapo hatuongelei hela tena, tunaongelea watu.

Pili usinunue kabu bado. Katonga_Star samahani kaka ila hapo sikubaliani na wewe. Mafuta yanaweza kupungua popote kuanzia kwenye tangi mpaka kwenye jeti na kabu ndo kituo cha mwisho, ukifunga kabu mpya kwenye mpira unaovuta hewa itakoroma vilevile. Na hizo kabu za bei rahisi nimefunga nyingi, jeti zake mara nyingi hazilingani na za mashine yenyewe, unahamisha tatizo.

Anza na tangi. Kifuniko kina skrubu ya kupumulia, ifungue. Ikiwa imefungwa au imejaa uchafu, mashine inakwenda dakika kadhaa afu inazima, ukilegeza kifuniko unasikia hewa inaingia kwa nguvu. Wanaotumia dumu la kawaida hakikisheni lina tundu la hewa. Fuata mpira wa mafuta wote kwa mkono, tafuta nyufa, kaza bana zake. Angalia oringi ya ile koneksheni inayochomekwa kwenye mashine, hii inasahauliwa sana, ikichoka haivujishi mafuta nje bali inavuta hewa ndani, kwahiyo kwa macho huoni kitu. Pira la kupampia, lile la kubonyeza kwenye mpira wa mafuta, mshale wake uelekee kwenye mashine, na ukilibonyeza lijae liwe gumu libaki gumu. Likilainika lenyewe mashine ikiwa imezimwa kuna sehemu linapoteza.

Ukimaliza ingia majini na mtu mwingine, msiende mbali. Ongeza moto mpaka ianze kukoroma, hapohapo mwenzako abonyeze pira mfululizo. Ikipata nguvu basi kabu haina kosa, rudi nyuma yake, ni mpira, chujio, au pampu ya mafuta, ile diaframu (utando) ya ndani ikichanika au kukakamaa haisukumi ya kutosha. Pira lisiposaidia ila choki ikasaidia, mafuta yanafika kwenye kabu lakini hayapiti, hiyo ni jeti. Vyote viwili visiposaidia achana na mafuta kabisa, nenda kwenye moto wa plagi na koili.

Toa na plagi zote mbili uniambie rangi, ila kumbuka ipi ni ya juu na ipi ni ya chini. Na chini ya bakuli la kabu kuna skrubu ya kumwagia, weka chupa tupu nyeupe ya maji ya kunywa, fungua, acha yatoke, yaache yatulie uangalie kitakachokaa chini.

MamaDagaa_Kalalangabo

Fundi shikamoo. Mimi nina mitumbwi na kila giza linapoingia kuna mashine moja lazima igome. Hapo kwenye maji ndani ya mafuta nataka kuuliza, yanaingiaje wakati dumu tunafunika?

FundiMashine_Ujiji

Marahaba mama. Yanaingia kwa njia nyingi, dumu linaoshwa linajazwa petroli kabla halijakauka, mvua inakuta kifuniko hakijakazwa, wimbi linapiga tangi lipo wazi wakati wa kuongeza. Na tangi likikaa nusu muda mrefu, hewa ya ndani ikipoa usiku inaacha unyevu kwenye kuta unashuka chini. Petroli ni nyepesi kuliko maji kwahiyo maji yanakaa chini, na mrija wa kunyonyea upo chini, kwahiyo yanayonyonywa mwanzo ni yale maji. Tangi lako lijae wakati wa kulihifadhi au liwe tupu kabisa, hiyo nusu nusu ndo mbaya. Na wakati wa kujaza chuja kwa kitambaa laini kisichotoa nyuzi.

Mwana_Kibirizi

Fundi nimerudi. Skrubu ya tangi ilikuwa wazi. Oringi ya koneksheni ilikuwa imepasuka nimeweka nyingine, sailensi imepungua kutetemeka lakini kukoroma kupo. Tumejaribu majini kama ulivyosema, pira hata ubonyeze vipi haibadiliki, choki inaibadilisha. Plagi zote mbili ncha nyeupe kabisa, kavu. Kwenye chupa kuna matone ya maji chini yanazunguka kama shanga, na kuna ungaunga wa kahawia.

FundiMashine_Ujiji

Safi sana, hapo umeshapata jibu. Plagi nyeupe na kavu zote mbili, choki inasaidia, pira halisaidii, ni kabu, ila kabu hiyo haijafa, imeziba. Petroli ikikaa kwenye bakuli muda mrefu ile sehemu nyepesi inaruka, inabaki gundi ya kahawia inayonata kwenye matundu madogo, na oili ya 2T, ile ya kuchanganya, nayo inabaki humo. Kuosha kwa petroli hakutoi hiyo gundi, kunalainisha juu tu, ndo maana ilikwenda siku chache ikarudi. Na waya wa chuma usirudie tena. Jeti ni shaba laini na tundu lake limepimwa, ukilikwangua linapanuka au linakuwa sio duara, hapo ndo utalazimika kununua jeti kweli.

Sasa fanya hivi na ufanye taratibu, sehemu yenye hewa, mbali na jiko na mtu yeyote anayevuta sigara, na usifanyie juu ya mchanga, tandika kitambaa cheupe ili kitu kikidondoka ukione. Chomoa mpira wa mafuta, piga picha kwa simu jinsi fimbo na nyaya za kuongeza resi zilivyokaa kabla hujagusa bolti, maana wengi wanakwama wakati wa kurudisha. Toa kabu. Kabla hujatoa ile skrubu ya sailensi yenye springi, ikaze taratibu kwa bisibisi huku unahesabu mizunguko mpaka iguse tu, USIIBANE, ncha yake inaharibika, andika umehesabu mingapi, ndo utairudishia hapohapo. Ndipo uitoe.

Fungua bakuli. Humo utaona gundi ninayokuambia. Toa kipini cha boya, toa boya na sindano yake inayofunga mafuta, litikise boya sikioni, ukisikia kitu kinachezacheza ndani limeingiwa mafuta, badilisha. Fungua jeti kubwa na ile nozeli inayokaa juu yake, na jeti ndogo. Tumia bisibisi inayojaa kwenye mfereji, bisibisi ndogo inachana kichwa cha jeti na hapo utalia. Nozeli usiiache, pembeni ina vitundu vidogo sana vingi, vile ndo vinachanganya hewa na mafuta, watu wanaosha jeti wanaiacha nozeli imeziba halafu wanashangaa.

Nunua kopo la dawa ya kuoshea kabu, madukani ya spea za pikipiki hapo mjini ipo. Vitu vya mpira na plastiki vyote weka pembeni, oringi, boya, gasketi, dawa ile inavivimbisha. Puliza kwenye kila tundu la kabu ukiwa umevaa kitu machoni maana inarudi kwa nguvu kupitia tundu jingine, iache iloweke, puliza tena. Karibu na kipepeo cha hewa kuna vitundu vidogo vimepangana ukutani, hivyo ndo vya kuongeza moto kutoka sailensi, dawa lazima itokee hapo. Jeti zenyewe ziloweke, afu pitisha uzi wa nailoni, ule mshipi mwembamba wa kuvulia samaki, unapita bila kukwangua. Inua jeti kwenye mwanga, unatakiwa uone duara safi lisilo na kona.

Ukimaliza nenda kwa fundi pancha mwenye kompresa, piga upepo kila tundu mpaka pakauke. Hapo ndo unafunga.

Kwenye kufunga, angalia ncha ya sindano ya boya, ikiwa na alama ya mkato kuzunguka badilisha, hiyo itamwaga mafuta. Ipime hivi, geuza kabu juu chini boya likiwa limefungwa, puliza kwa mdomo kupitia mrija mdogo msafi pale mafuta yanapoingilia, hewa isipite. Geuza ikae sawa, hewa ipite. Na kabu ikiwa juu chini, boya likae sambamba na uso wa kabu, lisizame upande wala kuinuka, kipimo chenyewe kipo kwenye kitabu cha mashine. Gasketi ya kati ya kabu na injini weka mpya, usipake gundi ya silikoni, ikiyeyuka na petroli inaingia kwenye jeti umeanza upya.

Mwisho badilisha chujio la mafuta na oshea tangi, la sivyo ule unga wa kahawia unarudi kwenye jeti safi.

Bangwe_Marine

Fundi amemaliza. Naongeza kwamba ukiiwasha nchi kavu kujaribu, mguu wa mashine lazima uwe ndani ya pipa la maji, usiseme nawasha kidogo tu. Impela (feni ya pampu ya maji ya kupooza) ni ya mpira, ikizunguka kavu inaungua haraka.

Kasulu_Boda

Mi naona hapo tatizo ni oili. Plagi nyeupe maana yake inakauka, ongeza oili, badala ya nusu lita kwa dumu weka lita nzima itapona.

FundiMashine_Ujiji

Hapana ndugu, hii naomba tuiweke sawa kwa sababu inaharibu mashine nyingi huku. Mashine nyingi za namna hii ni 50 kwa 1 (petroli 50, oili 1), yani dumu la lita 20 linataka mililita 400 za oili ya 2T, mashine mpya kabisa wakati wa kuzoea ndo inawekewa mara mbili yake, angalia kitabu cha mashine yako. Jeti inapitisha ujazo uleule, sasa ukiongeza oili kwenye ujazo huohuo umepunguza petroli, na mchanganyiko mzito unapita polepole zaidi kwenye tundu. Kwahiyo inazidi kukauka mafuta, inatoa moshi, plagi zinajaa masizi. Oili iwe ya 2T, sio ya gari. Pima kwa chupa yenye alama, sio kwa kukadiria kifuniko.

MamaDagaa_Kalalangabo

Na wanaochanganya mafuta ya taa? Kuna siku nimeletewa petroli ya kwenye madumu harufu yake siielewi, mashine inagonga ndani kama kuna kitu kimelegea.

FundiMashine_Ujiji

Mama huo mlio ndo wenyewe, petroli iliyochakachuliwa inagonga kwa sababu inalipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Yamaha wanazo mashine zao za mafuta ya taa, zimeandikwa EK, zile zinawashwa kwa petroli afu zinahamia mafuta ya taa na zimetengenezwa kwa ajili hiyo. Yako kama haina hayo maandishi usiiwekee. Kupima kirahisi, KABLA hujachanganya oili, dondoshea tone kwenye karatasi nyeupe safi, petroli nzuri inaruka inaacha karatasi kavu, yenye mafuta ya taa inaacha doa la mafuta linalokaa. Ukishachanganya oili kipimo hiki hakifai tena, oili yenyewe inaacha doa.

Mwamgongo_Line

Wakuu samahani nadandia, mimi nina mashine ya 40 kwenye boti la abiria, ikiwa sailensi mdomo wa kabu unatema mafuta nje, yanarudi kama mvuke. Kabu nimeosha hivyohivyo. Ni nini?

FundiMashine_Ujiji

Hiyo sio kabu. Nyuma ya kabu kuna ridi, vile vibati vyembamba vinavyofunguka kuingiza mchanganyiko na kujifunga usirudi. Kimoja kimevunjika kona au hakikai vizuri, kwahiyo pistoni ikishuka mchanganyiko unarudi mdomoni. Toa kabu, toa kile kizuizi chenye ridi, uziangalie kwenye mwanga, vikae bapa bila mwanya. Na ukikuta kipande kimevunjika kitafute mpaka ukipate kwa sababu kinaweza kuwa kimeingia ndani ya krenki. Hiyo mashine inabeba watu, usiitumie mpaka umekiona hicho kipande.

Mwana_Kibirizi

Fundi nimefanya yote. Jeti kubwa ilikuwa wazi kabisa, ila nozeli yake vitundu vya pembeni karibu vyote vilikuwa vimeziba na gundi, kile ambacho hakikuguswa mara ya kwanza. Nimeloweka, nimepitisha mshipi, nimepiga kompresa. Chujio lilikuwa na matope nimeweka jipya, tangi nimelisuuza na petroli kidogo nikaimwaga kwenye dumu la takataka. Leo asubuhi tumekwenda mpaka karibu na Kalalangabo na kurudi, moto wote bila choki, haikoromi. Kimebaki kitu kimoja, sailensi ikiwa kwenye gia inataka kuzima, bila gia inakaa.

FundiMashine_Ujiji

Hiyo ni kurekebisha tu, ila ifanye mtumbwi ukiwa majini, injini imeshapata moto, na gia ya mbele imeingizwa huku mmefungwa kamba mbili imara gatini na hakuna mtu anayeogelea karibu. Ukirekebisha kwenye pipa au bila gia utapata sailensi ya uongo. Ile skrubu yenye springi izungushe kuingiza taratibu, robo robo, mpaka injini ianze kuzorota, kumbuka hapo. Rudisha kuitoa mpaka izorote upande wa pili. Kaa katikati, afu toa kidogo sana zaidi, tustroki bora iwe na mafuta ya ziada kidogo kuliko kupungukiwa. Subiri kila ukizungusha, haijibu papo hapo. Ikishatulia ndo urekebishe ile skrubu nyingine inayosukuma kipepeo kupandisha au kushusha resi. Baadae ongeza moto ghafla, ikisita kabla ya kupokea bado mafuta ni madogo, toa kidogo tena.

Plagi weka mpya, kwa 15 wengi tunatumia NGK B7HS-10, gapu (mwanya wa ncha) milimita 1, afu uzitoe tena baada ya kuingia ziwani mara kadhaa, ziwe kahawia.

Bangwe_Marine

Na mbalamwezi ikifika mashine zinakaa bila kazi, chomoa mpira wa mafuta ikiwa inaunguruma ndani ya maji ikiwa sailensi, iache imalize mafuta ya kwenye bakuli yenyewe izime, afu fungua skrubu ya chini kumwaga yaliyobaki. Sisi tunafanya kila mwezi mwanga ukiingia, sio kusubiri ziwa lifungwe. Ziwa likifungwa tunaongeza kitu kimoja, plagi zinatolewa, kijiko cha oili ya 2T kila silinda, kamba inavutwa taratibu mara chache, plagi zinarudi, na mashine inahifadhiwa imesimama wima.

Mwana_Kibirizi

Nimeelewa, sailensi nairekebisha kesho asubuhi kabla upepo haujaanza. Bangwe_Marine hiyo ya kumwaga bakuli kila mbalamwezi nawapa vijana wote, na ile mashine nyingine iliyopo stoo naimwaga leo hii.